Kabla Mwembe Haujakatwa: Barua ya Wazi kwa Baraza la Wazee na Kamati ya Ujenzi

Baba Mchungaji, wazee wa Baraza, na ndugu wa Kamati ya Ujenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu na wadogo zangu, habari za nyumbani.

Naiandika barua hii Jumapili saa nane na nusu mchana. Mnada umekwisha, kuku wa mwisho ameshapata mwenyewe, na vijana wanapanga viti vya plastiki kumi kumi ili virudi kwa aliyetukodisha. Nimekaa chini ya mwembe, kwenye benchi la watoto ambalo magoti yangu hayalipendi. Leo nimefundisha mara mbili, ibada ya kwanza na ya pili, na sauti imekauka. Watoto si wa kulaumiwa peke yao. Hatua tano kutoka hapa pana nguzo yenye spika ya nje, iliyofungwa ili wanaokaa chini ya turubai wasikie mahubiri. Mchungaji alikuwa anahubiri habari za Zakayo, mimi nafundisha Nuhu, na mtoto mmoja akaniuliza kama Zakayo naye aliwahi safina.

Wengi wenu mnanifahamu. Wapo kati yenu niliowafundisha wimbo wao wa kwanza wa kuimba mbele ya watu, na mmoja aliye kwenye Kamati leo alilia siku hiyo mpaka akabebwa. Sitamtaja, anajijua. Nalisema hilo ili ieleweke kwamba sina ugomvi na mtu. Haya nilitaka kuyasema kwenye Mkutano Mkuu wa Usharika, lakini ajenda ya ujenzi ililetwa mwisho kabisa, watu wana njaa, wengine wameshasimama, na mchoro wa kanisa jipya la ghorofa ukapita kwa makofi. Nilipomlalamikia mzee wa jumuiya yetu aliniambia, "Mwalimu, andika." Nimeandika, na kwa kuwa fedha zinazozungumzwa ni za kila mwenye bahasha ya sadaka, nimeiandika kila mwenye bahasha aisome.

Kwamba hatutoshi, hakuna anayebisha. Kati ya ibada ya kwanza na ya pili kuna kama nusu saa hivi ambayo nyumbani kwangu tunaiita vita ya mlangoni. Waliomaliza wanatoka, waliokosa kiti wiki iliyopita wanawahi kuingia, na wote wanapita palepale. Ndani, benchi lililochongwa kwa watu sita linakaa wanane, na akina mama wanapakata watoto ambao umri wao ni wa kutumwa dukani. Nje kuna turubai, feni mbili na runinga kubwa ambayo picha yake huchelewa nyuma ya sauti, kiasi kwamba sisi wa nje tunasimama wakati wa ndani wameshaketi. Masika ikikolea turubai linafanya kitambi cha maji, na lazima pawe na kijana mwenye fimbo wa kukisukuma kabla hakijamwagikia kwaya. Kijana wa watu amevaa suti, amekuja kusali, anasukuma turubai saa mbili nzima.

Na hayo ndiyo yanayoonekana. Kuna bibi mmoja wa jumuiya yetu ambaye siku hizi haji. Hakuhamia kanisa jingine wala hakukasirika na mtu. Ni magoti. Alisukumwa kidogo tu pale mlangoni, si kwa ubaya, na tangu siku hiyo anasikiliza ibada redioni. Kuna na msiba wa mwaka jana, ambapo aliyekuja kuongoza ibada ya maziko alituvuta pembeni kuuliza marehemu alikuwa wa jumuiya ipi na alikuwa anaimba kwaya au la. Marehemu alikuwa ametoa ahadi yake kila mwaka kwa miaka mingi. Simlaumu aliyeuliza. Mtu mmoja hawezi kuzijua nyuso zote zile. Nimelikumbuka hilo kwa sababu jengo kubwa zaidi litaongeza nyuso, na mwenye kuzijua atabaki yuleyule.

Tumefikaje hapa? Tusijisifu mno kwamba ni uinjilisti wetu tu. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541, na ya 2022 ikaikuta na watu 5,383,728. Milioni moja na ushee wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hawakwenda kukaa Posta, katikati ya mji. Wamekuja huku kwetu, kandokando ya Barabara ya Morogoro na ndani zaidi. Wilaya yetu ya Ubungo, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kinondoni, sensa hiyo ya 2022 iliihesabia watu 1,086,912. Halafu kumbukeni bomoabomoa ya 2017, pale barabara ilipotaka eneo lake kuanzia Kimara kuelekea Kibaha. Waliobomolewa wengi hawakurudi Kagera wala Kilimanjaro, walisogea ndani wakaanza upya. Mwaka 2021 stendi ya mikoani nayo ikahama Ubungo ikaja Mbezi Luis. Aliyenunua kiwanja Makabe kabla ya stendi, na jirani yake aliyenunua baada ya stendi, wakae pamoja waelezane bei, mtasikia kicheko cha mmoja tu.

Watu hao wamejenga Makabe, Msumi, Mpiji Magohe, Malamba Mawili, Kwembe. Jumapili wanakuja kwetu kwa sababu Kanisa la Kilutheri wanaloliona kutoka barabarani ni letu.

Mimi ninao ushahidi mdogo ambao Kamati haina. Ni daftari la Shule ya Jumapili. Miaka mitatu iliyopita mtoto mmoja aliugua ghafla hapa chini ya mwembe, mama yake yuko ndani ibadani, hatujui jina lake wala anakoishi, na tulizunguka na mtoto begani tukiuliza "huyu wa nani?" mpaka wimbo wa sadaka ukaisha. Tangu hapo kila mtoto naandika anakaa wapi na anakuja na nini. Wiki iliyopita, baada ya kuona mchoro, nililifungua nikahesabu. Kati ya kila watoto kumi nilionao, sita wanatoka mbali kiasi cha kupanda kitu: bodaboda, bajaji, daladala, wengine viwili kwa mpigo. Wa kutembea kwa miguu ni wanne. Kuna mama wa Mpiji Magohe anayekuja na watoto watatu kwenye bodaboda moja, na mnajua sheria inasema nini kuhusu hilo, na mnajua pia kwa nini anafanya hivyo. Nauli yake ya kwenda na kurudi ni kubwa kuliko sadaka anayoiweka kapuni. Mvua ikinyesha haji. Jumapili yenye mvua, darasa langu hubaki na wale wanne wa kutembea, na turubai lenu halina mtu chini yake.

Sasa nauliza kama mwalimu wa hesabu za darasa la nne: kama sita katika kumi wanatoka mbali, tatizo letu ni kwamba jengo ni dogo, au ni kwamba makanisa ni machache?

Bango lililopo getini lina picha ya kanisa la ghorofa, vioo, mnara, na chini yake mstari wa Isaya 54 kuhusu kupanua mahali pa hema. Kila kampeni ya ujenzi niliyoiona mjini hapa imetumia mstari huo, nadhani mchapa mabango anao tayari kwenye kompyuta. Lakini nimeusoma na unaofuata, ambao bango halikuuandika. Nabii anasema taifa lile litaenea upande wa kuume na upande wa kushoto. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Morogoro, kuume ni Makabe, Msumi na Mpiji Magohe. Kushoto ni Malamba Mawili na Kwembe. Kuhusu kwenda juu, pale sikuona neno.

Wazee wangu, mnakumbuka tulikotoka? Sisi hatukuzaliwa usharika. Tulikuwa mtaa, yaani tawi dogo la usharika mwingine. Tulisali chini ya mwembe huuhuu, kwenye kiwanja alichokitoa mzee mmoja ambaye leo amelala makaburini, na tulikuwa na mwinjilisti mmoja, ngoma moja, na mabenchi kumi na mawili tuliyopewa na usharika mama. Mabenchi mawili kati ya hayo bado yapo, ndiyo wanayokalia watoto wangu, na mbao zake ni ngumu kuliko za haya mapya. Siku ile tunakabidhiwa mabenchi nilikuwepo. Wazee wa usharika mama hawakuwa na kanisa tupu. Nao walikuwa wamebanana. Wangeweza kabisa kutuambia tuendelee kuja kwao, tuchange, tujenge la ghorofa pale. Walitupa mabenchi wakatuombea. Walijua kwamba sisi ni watoaji, na walitutoa.

Hata Azania Front, pale ufukweni mjini, ambapo wamisionari wa Kijerumani walianza kujenga mwaka 1898, haikunyooshwa hadi kumtosha kila Mlutheri wa Dar es Salaam. Imebaki na ukubwa wake, na mji ukaota sharika huku na huku. Hebu fikirini wale wa zamani wangeamua kila anayeongezeka abanane palepale.

Sasa niseme lile ambalo kwenye vikao linasemwa kwa kuzunguka. Hofu yetu ni bahasha. Mtaa ukifunguliwa Makabe, wenye magari na kazi nzuri wanaoishi Makabe wataondoka na ahadi zao, na usharika utabaki na sisi walimu wastaafu na wapangaji. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia waziwazi: "Mwalimu, ukigawa watu umegawa na kapu." Ni kweli. Nampongeza kwa kusema. Lakini kama hilo ndilo linaloamua, basi liandikwe kwenye muhtasari lionekane, ili washarika wajue kwamba yule mama wa Mpiji Magohe anapandishwa bodaboda na watoto watatu kwa ajili ya kulinda kapu.

Zipo hoja nyingine, na si za kupuuza. Mtaa hauna mchungaji, una mwinjilisti, na Chakula cha Bwana kinamsubiri mchungaji kwa zamu. Kumlipa mwinjilisti ni mzigo. Mitaa mingine imefunguliwa kwa shangwe ikabaki na nguzo nne na bati, miaka inapita. Hayo nimeyaona. Ninachojibu ni kwamba mitaa mingi ya hivyo ilikwama kwa sababu ilipewa baraka bila mabenchi. Kiasi kile kilichoandikwa kwenye mchoro, ambacho sifuri zake nilizihesabu kwa kidole mara mbili, kikikatwa hata robo tu, kitanunua viwanja vitatu vyenye hati, kitaezeka mabanda matatu ya maana na kumlipa kila mwinjilisti mpaka watu wake wamzoee na kumbeba. Viwanja ndivyo vinavyoniumiza kichwa zaidi ya yote. Kanisa la ghorofa linaweza kusubiri, saruji itakuwepo. Kiwanja cha Msumi hakitusubiri. Kila mwezi kuna mtu anamwaga mawe na kuweka uzio, na baada ya muda kidogo tutakuwa tunatafuta ardhi ya ibada kwenye vichochoro ambamo hata jeneza halipiti.

Halafu mkopo. Kwenye Mkutano Mkuu liliingizwa neno "taasisi ya fedha" likapita haraka kama paka jikoni. Mnawakumbuka wanafunzi wa manabii, ile sura ya sita ya Wafalme wa Pili? Wao pia walimwendea Elisha wakamwambia mahali pamewabana. Hakuna habari ya watu iliyo karibu na yetu kuliko ile. Wakaenda Yordani, kila mmoja akate boriti yake, na Elisha akaenda nao. Huko chuma cha shoka kikachomoka kikazama, na mwenye kulishika akalia, kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Chuma kilielea, Mungu ni mwema. Riba sijawahi kusikia ikielea. Tukikopa kwa kutegemea ahadi za watu elfu kadhaa, nusu yao wakihama kwa sababu hatimaye kuna aliyewafungulia kanisa karibu na kwao, na wapo watakaowafungulia, maana makanisa mengine hayasubiri kikao, deni tutabaki nalo sisi wa benchi la mbele. Naomba mkopo wowote urudishwe kwa washarika, upigiwe kura ya kuhesabu mikono, asubuhi, watu wakiwa wameshiba chai.

Na michango yenyewe. Kwenye Kutoka 36 mafundi wa hema walimwendea Musa wakamwambia watu wanaleta kupita mahitaji, Musa akatangaza kambini watu waache. Tangu nianze kuelewa matangazo ya kanisani sijawahi kusikia hilo la kuacha. Watu wamechoka, wazee wangu. Kuna bahasha ya ahadi, ya mavuno, ya jengo, ya jimbo, kadi ya harambee, na fulana ya harambee ambayo nayo inanunuliwa. Nina jirani aliyeacha kuja ibada ya pili kwa sababu ndiyo yenye mgeni rasmi. Alisema hana cha kutamka kwenye kipaza sauti.

Hata hivyo sisemi msijenge hapa. Hapa napo panahitaji kujengwa, ila si kwa ukubwa ule, na kabla ya lolote kuna jambo ambalo haliwezi kusubiri mchoro wowote.

Kanisa letu lina milango miwili. Mlango mkubwa una mbao mbili, na ubao wa kushoto umepigwa komeo muda wote kwa sababu bawaba imelegea. Mlango wa ubavuni, nyuma yake pamewekwa kabati la vyombo vya kwaya. Madirisha yote yana nondo, kwa sababu ya wezi wa spika, nayo ni sababu ya kweli. Maana yake, mamia ya watu tuliomo mle tunategemea upenyo wa ubao mmoja, ambao unafunguka kwa ndani. Yaani watu wakikimbilia mlango, wataufunga wao wenyewe kwa miili yao. Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, na wale walikuwa uwanjani, juu ni mbingu tupu, si ndani ya kuta zenye nondo. Walikuwa wanapitia mahali pamoja. Hapa kwetu itoshe waya mmoja wa feni kutoa cheche na mtu mmoja kupiga kelele "moto."

Kuondoa kabati ni kazi ya vijana wanne na dakika kumi. Bawaba inapatikana duka la vifaa vya ujenzi pale kona. Kugeuza mlango ufunguke kwa nje ni kazi ya fundi ya siku moja. Nondo za madirisha mawili ya ubavuni ziwekewe fremu inayofunguka kwa nje, yenye kufuli ambalo mzee wa zamu atalifungua kabla ya ibada. Niliyasema haya kwa mdomo mwezi wa tatu. Niliambiwa yatazingatiwa kwenye jengo jipya. Sisi tunakaa kwenye la zamani.

Na vyoo. Matundu manne kwa umati ule, na watoto wangu wanapanga foleni nyuma ya watu wazima mpaka wengine wanarudi wamelowa. Sitaki kuliandika sana kwa heshima ya barua, ila mwalimu yeyote atawaambia: mtoto aliyeaibika mara moja hakumbuki ulimfundisha nini siku hiyo.

Likija suala la jengo lenyewe, nasikia kuna washarika waliojitolea kusimamia ujenzi bure. Mungu awabariki. Lakini kujitolea si usajili. Mbunifu awe wa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi awe wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkandarasi awe na daraja linaloruhusu kazi hiyo, kibali cha manispaa kibandikwe mahali pa kuonekana, na zege lipimwe. Machi 29, 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, tuko kanisani tunasoma habari za mateso, ndipo simu zikaanza kuita kwamba ghorofa limeanguka Mtaa wa Indira Gandhi. Walikufa watu 36. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, nalo likaondoka na watu. Nchini Nigeria, Desemba 2016, kanisa ambalo ujenzi wake haujaisha liliangukia waumini mjini Uyo siku ya kumsimika askofu. Walitaka liwahi sherehe. Kwenye ratiba yetu nimeona jengo linatakiwa "litumike hata kama halijakamilika" ifikapo Krismasi ya mwakani. Mstari huo ufuteni. Naomba hivyo, na kama kuomba hakutoshi basi napinga, na jina langu liandikwe kwamba nilipinga.

Mwembe nimeuacha mwisho kwa sababu najua mtasema ni mapenzi ya kizee. Kwenye mchoro, mahali ulipo mwembe pameandikwa maegesho. Magari leo yanakaa wapi? Barabara ya vumbi upande wa chini, na uwanja wa jirani yetu Mwislamu, mzee ambaye hajawahi kutudai hata senti, na ambaye Ijumaa watu wa msikiti wao wakizidi tunawafungulia geti letu. Hilo limetutosha miaka yote. Mwembe una kivuli cha madarasa mawili kwa wakati mmoja. Turubai haliwezi kazi hiyo, saa tano mchana chini yake ni joto la tanuri. Na kila mwaka karibu na Krismasi embe zinaanguka katikati ya mazoezi ya igizo, malaika na wachungaji wote wanakimbilia embe, na inabidi tuanze upya. Kama gari lazima lipate kivuli kuliko mtoto, basi Kamati ije iwaambie watoto yenyewe. Mimi sitaifanya kazi hiyo.

Ninachoomba kifanyike kabla ya sikukuu ya mavuno ni kidogo. Kila mzee wa jumuiya apite nyumba kwa nyumba na daftari aandike: anakaa wapi, wako wangapi, anakuja na nini, mtaa ukifunguliwa jirani ataenda au atabaki. Jumuiya zipo, wazee wapo, kalamu si ghali. Majibu yasomwe kwenye matangazo, ibada zote mbili, bila kupunguza. Yakionyesha kwamba wengi wanatembea kwa miguu na wanataka kubaki hapa, nitakuja ofisini kuomba radhi na nitachukua kadi ya harambee, hata fulana nitanunua. Yakionyesha kama daftari langu linavyoonyesha, basi mchoro urudi mezani na watu wa kununua viwanja waanze safari za Msumi na Kwembe mwezi huohuo.

Mlango na kabati visisubiri hesabu hiyo. Jumapili ijayo nitafika saa kumi na mbili asubuhi na kijana wangu wa pili, ana bisibisi. Nikute ufunguo wa ubavuni kwa mlinzi.

Daftari langu nitaliacha kwa katibu ofisini Jumatano, mlipitie, mpige na picha kurasa mnazotaka, ila majina ya watoto msiyasambaze kwenye simu. Naomba lirudi kabla ya Jumamosi. Kurasa za nyuma zina orodha ya watakaoigiza Krismasi, na bado sijapata Yusufu.

Ni mimi msharika wenu,
Mwalimu wa Shule ya Jumapili, chini ya mwembe